Kuugua na Kuuguza



Mnivumilie nianze na sarufi. Anayemlisha mtu anamfanya ale. Anayemlaza anamfanya alale. Kwa hesabu hiyo, anayeuguza angekuwa ndiye anayemtia mwenzake ugonjwa! Hakuna Mswahili anayelisikia neno hilo hivyo. Mimi nasikia jambo jingine: lugha imewaweka anayeugua na anayeuguza kwenye mzizi mmoja, kwa sababu ugonjwa mzito ukiingia nyumbani hauishii kwenye kitanda kimoja.

Mnamfahamu mama huyu anayeuguza. Kabla ya adhuhuri anatoka hapa Kiseke amebeba hotpoti ya uji, daladala inampitisha Sabasaba, Pasiansi na Kirumba, kisha anapanda kilima cha hospitali ya Bugando. Tangu 1971 hospitali ile inapokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa, na wodini atakaa jirani na waliovuka maji kutoka Ukerewe. Mtoto wake amevimba taya. Ni saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na inawapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama yetu. Habari njema ni kwamba huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Daktari amemweleza ni nini. Akirudi nyumbani, ukoo unamuuliza ni nani. Usiku, peke yake, anajiuliza swali la tatu: kwa nini mimi? Hilo halina dripu.

Aliyeyatambua maumivu ya namna hiyo ni Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Ngazi hiyo ya mwisho aliipanda kwa sababu ya wagonjwa walio karibu na kufa. Alipofungua hospisi ya St Christopher's, London, mwaka 1967, alikuwa tayari anafundisha kwamba maumivu ya mwili, ya moyo, ya familia na ya imani ni fundo moja. Anne Merriman alilileta fundisho hilo Kampala mwaka 1993, pamoja na morfini ya kunywa: unga na maji, chupa mgonjwa anaenda nayo nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuwaandikia wagonjwa morfini. Mtaniuliza morfini inahusiana vipi na roho. Kesheni na mtu ambaye mifupa inamuuma, halafu mwambieni asali.

Sisi huduma hii tunaiita tiba shufaa, na Shirika la Afya Duniani, katika fasili yake ya mwaka 2002, liliiweka familia ndani yake pamoja na mgonjwa. Jina letu nalipenda kuliko la Wazungu. Waislamu waliopo hapa wanajua kwamba shufaa ni maombezi: mtu anasimama kukusemea. Basi niulize, nyumbani kwetu nani anamsemea mgonjwa? Majibu ya vipimo tunapewa ndugu, nje, kwenye korido. Tunafuta macho, tunaingia: "Unaendelea vizuri, Mungu mwema." Naye anatuona macho mekundu, ananyamaza ili asituumize. Nyumba nzima inaficha kitu ambacho kila mmoja anakijua. Tunaiita huruma. Nadhani sehemu kubwa ni woga wetu, na nasema hivyo kwa kuwa nami nimekuwa nao.

Mjomba wangu alikuwa na saratani ya koo. Wiki sita tulimwambia ni vidonda. Siku moja akanishika mkono: "Mpwa wangu, mnanificha nini?" Nikamwambia. Nilitegemea kilio. Akauliza kama atafika mavuno, nikasema sijui. Akaomba daftari.

Akaanza kuniandikisha madeni: nani amekula ng'ombe wake wa mahari, nani yeye hajamlipa. Kisha akataka aitwe mwanawe wa pili, ambaye walikuwa hawasemeshani tangu ugomvi wa kiwanja. Yule kijana alikuja, wakakaa mchana kutwa. Sijui walizungumza nini, ila jioni mjomba alikunywa uji kikombe kizima. Mchungaji alipofika kesho yake, alimkuta akiwatania wauguzaji.

Deni la mwisho kwenye daftari lilikuwa shilingi elfu kumi na tano, za fundi wa nyavu wa Igombe. Nilizipeleka siku ya tatu baada ya matanga. Fundi alikuwa ameshalisahau.