Vizibo tisini na gazeti la jana

Ndugu msikilizaji, chukua karatasi, kalamu na gazeti la jana, maana leo kuna kazi ya mikono. Nataka tutengeneze mchezo wa kuchezwa na familia nzima mkekani, ule wa kupanga herufi juu ya ubao mpaka zitoe maneno, na tuutengeneze kwa lugha yetu wenyewe.

Mchezo wa namna hiyo umo madukani, ndani ya sanduku zuri lenye bei yake. Aliyeubuni ni Mmarekani aitwaye Alfred Butts, msanifu wa majengo aliyekosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoanguka katika miaka ya 1930. Bwana huyu hakuwa na kiwanda. Alikaa na magazeti akahesabu kila herufi inatokea mara ngapi, ndipo akajua E ziwe nyingi na Q iwe moja tu. Seti za mwanzo alizitengeneza mwenyewe kwa mkono. Hata jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, mchezo ulipokuwa umeshapata mtu mwingine wa kuuza.

Sasa lilete sanduku hilo la Kiingereza nyumbani kwako, kisha ujaribu kucheza kwa Kiswahili. Utakwama kabla chai haijapoa. Ndani mna vipande 100. E ni 12, A ni 9. K ni moja tu, tena imepewa alama 5 kana kwamba ni lulu. Utaandikaje kuku na kikapu kwa K moja? Na hizo Q na X ndizo zitakazokujia mkononi tangu mwanzo hadi mwisho, nawe huna pa kuziweka.

Hebu turudi kwenye sentensi niliyoifungulia mazungumzo haya, ile iliyokutuma karatasi na kalamu. Ihesabu. Ina herufi 74. Kati ya hizo, A ni 18, karibu robo nzima. I ni 8, K ni 7, U na N ni sita sita. E, mfalme wa Kiingereza, imetokea mara mbili tu. Ukijumlisha irabu zote utapata 37, yaani nusu kamili. Sentensi moja haitoshi kuwa kipimo, ndiyo maana nikakuambia uchukue gazeti. Wagawie watoto safu moja moja, kila mtu ahesabu yake kwa vijiti vya tano tano, kama mtu anayehesabu magunia. Ni kazi ya jioni moja, na mtoto anayechukia hesabu hatajua kwamba amefanya hesabu.

Vipande vyenyewe ni vizibo vya soda. Wacheza drafti wa mitaani walikwisha kutufundisha thamani ya kizibo: huyu anacheza vilivyolala chali, yule vilivyolala kifudifudi, na mchezo unakwenda. Sisi tutakata duara za karatasi, tuandike herufi, tuzibandike ndani ya kizibo kwa uji mzito wa unga wa ngano. Kikilala kifudifudi herufi haionekani, kwa hiyo kila mtu anaweza kuokota saba zake bila kuchagua. Lakini vizibo vyote viwe vya soda ya aina moja. Ukichanganya rangi, baada ya michezo miwili watoto watakuwa wamekariri kwamba chekundu chenye kutu ndicho chenye Z.

Kwetu tulianza na vizibo 90, na 20 kati yake vilikuwa A. C haitembei peke yake katika Kiswahili, kwa hiyo tuliandika CH katika kizibo kimoja. Ubao ni upande wa boksi la sabuni, uliochorwa vyumba 13 kwa 13, kila chumba sentimita tatu na nusu ili kizibo kikae bila kubanwa. Alama ni jambo jepesi: herufi iliyo tele ipewe moja, iliyo adimu ipewe nyingi.

Jambo gumu ni sheria. Waingereza hufungua kamusi, ugomvi ukaisha. Sisi tuna Kamusi ya Kiswahili Sanifu tangu mwaka 1981, lakini mwenzangu, tafuta humo neno "wanapendana". Hulipati. Utapata shina lake tu. Na bado kitoto cha darasa la tatu kinalisema mchana kutwa. Mtu akiweka PENDA ubaoni, mwenzake akaongeza WANA mbele na NA nyuma, ametoa neno la herufi 11 kwa vizibo sita. Je, ni halali? Ukikataa, umekata lugha miguu. Ukikubali, mwenye kujua sarufi atawameza wote. Sisi tulikubali, kwa sharti kwamba mchezaji alitumie neno hilo katika sentensi yenye maana kabla ya kuandikiwa alama.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia. Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Mombasa, na siku hiyo alikuwa mgeni wetu. Aliweka MATO. Mwanangu wa darasa la tano akasema, "Bibi, hilo si Kiswahili. Ni macho." Mama akamtazama kwa utulivu. "Mjukuu wangu, mimi nilizaliwa na mato mawili na nimeyatumia miaka sabini. Wewe hayo macho umeyapata lini?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa zito. Lahaja ya Unguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, tena katika mji wa mama huyu huyu. Uamuzi ule ulisaidia shule na vitabu. Haukusema kwamba bibi aliye mkekani ni mjinga wa lugha aliyonyonya. Siku ya mtihani mtoto aandike macho, hilo silibishi. Lakini nyumbani, nani hakimu?

Tuliamua hivi: neno lolote ambalo mtu mmoja wa nyumba hii analitumia na anaweza kulieleza, ni halali, na linaandikwa katika daftari pamoja na jina la aliyelileta. Kijana akaiona njia. Zamu yake ilipofika akaweka DEMU. Bibi akauliza maana yake. Kijana akajieleza kwa shida, akitazama mkeka. Bibi akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwandikieni. Lakini wangu hamwiti hivyo."

Daftari hilo sasa lina kurasa nne. Mato liko juu, demu liko chini yake, na ndoo limeandikwa mara mbili, kwa sababu kwa bibi ndoo si ya maji tu, ni kumwita mtu aje. Tukikosa umeme tunacheza kwa taa ya chemli, na vizibo vilivyopotea huonekana asubuhi wakati wa kufagia. Q na X, kwa wale watakaouliza, hatukuzitengeneza kabisa.