Anayesema "gitabu" si mjinga

Wiki hii tuzungumze juu ya kicheko kimoja cha mjini. Mtu aliyelelewa kwa lugha ya mama yake kule bara anasimama mbele ya watu na kusema "gitabu". Ukumbi mzima unaangua kicheko. Akiwa ni mtoto wa shule, huketi chini, na pengine hanyooshi mkono tena muhula mzima.

Hebu weka vidole kooni useme "sss", kisha "zzz". Koo limetetemeka mara ya pili tu, sivyo? Sauti k na t ni kavu kama s. G na d hutetemesha koo kama z. Sasa, katika lugha kadhaa za Kibantu, silabi mbili jirani zilipoanza zote kwa sauti kavu, ile ya kwanza iligeuka ikaanza kutetemesha koo, ili zisifanane.

Tazama Kisukuma. Tatu ni idatu, lakini tano ni itano. Kwa nini? Katika tatu, t ya kwanza inafuatwa na t mwenziwe, ikageuka d. Katika tano inafuatwa na n, ambayo si kavu, basi ikabaki ilivyo. Huo si uzito wa ulimi hata kidogo, ni utaratibu. Wataalamu huuita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kijerumani aliyejifunza Kinyamwezi.

Na Wakikuyu je? Kiti kwao ni gĩtĩ, lakini kile kikapu cha kusuka ni kĩondo. Lugha yao wenyewe huiita Gĩkũyũ. Sisi wa Kiswahili, ambacho hakifuati kanuni hiyo, ndio tunaosema Kikuyu, na sijasikia ukumbi ukitucheka.

Mwalimu na asahihishe, maana Kiswahili sanifu ni kitabu. Lakini amweleze mtoto sababu, asimwite mzito wa kichwa. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Watu wa pwani wakalichukua kana kwamba lina ki ya kiti, wakapata vitabu. Lilipofika Rwanda na Burundi likakuta kanuni inalingoja mlangoni. Huko huitwa igitabo, na ndivyo mwalimu anavyoliandika ubaoni.