Muulize Binti Yako Tarehe

Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulinong'ona tu. Akina baba, msiondoke karibu na redio, maana nanyi mna mabinti.

Mama mmoja alitujia pamoja na binti yake wa miaka 17. "Huyu ni mtoto mwema," alisema, "lakini kuna siku simjui." Binti alikuwa amemjibu mwalimu kwa ukali mbele ya darasa zima, akarudishwa nyumbani kwa juma moja. Mwezi uliotangulia alivunja sahani moja, akalia mpaka usiku wa manane. Majirani walikwisha kusema ana pepo.

Kati yetu palikuwa na nyanya mmoja aliyepata kuwa mkunga. Yeye hakuuliza juu ya pepo, aliuliza tarehe. Mama na binti wakahesabu kwa vidole, wakaona kwamba mambo yote mawili yalitukia siku nne au tano kabla ya binti kuona damu yake ya mwezi.

Wapenzi, mwili wa mwanamke huenda kwa mzunguko. Kwa mwanamke mzima, toka hedhi moja mpaka nyingine kwa kawaida ni siku 21 hadi 35. Kwa msichana aliyeanza karibuni zaweza kufika 45. Katika nusu ya kwanza hupanda homoni iitwayo estrojeni. Yai likisha kutoka, huongezeka nyingine iitwayo projesteroni. Mimba isipotungwa, zote mbili hushuka siku chache kabla ya damu. Nazo hazikai tumboni tu. Hufika hata kwenye ubongo, zikagusa usingizi, hofu na hasira.

Mwaka 1999 wachunguzi wa Ujerumani walitoa habari za jaribio walilofanya. Watu walitakiwa kutoa hotuba na kufanya hesabu za kichwa mbele ya wengine, kisha mate yao yakapimwa kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapoingia mashakani. Wanawake waliokuwa katika nusu ya pili ya mzunguko walionyesha kotisoli nyingi kuliko wenzao wa nusu ya kwanza. Kazi ilikuwa moja. Miili ndiyo iliyoipokea kwa namna mbili. Uchunguzi mwingine haukuona tofauti kubwa hivyo, na wanawake wengi hawasikii ila badiliko dogo tu.

Lakini wako wachache, kama 3 hadi 8 katika kila 100, ambao siku hizo huwaelemea kabisa: huzuni nzito, hasira, kukata tamaa, hata kutamani kufa. Damu ikisha kuanza, baada ya siku chache wingu huondoka. Si kwamba wana homoni nyingi kupita wengine. Ubongo wao ndio huhisi zaidi kupanda na kushuka kwake. Huu ni ugonjwa, nao una matibabu. Binti akisema maneno ya kufa, usingoje damu ianze. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Sasa sikilizeni neno moja zaidi. Tulipomwuliza yule binti ni nini kilichomkasirisha, alisema mwalimu alikuwa amemwita mjinga mbele ya wenzake. Tusi hilo lingekuwa tusi siku yoyote ya mwezi. Siku zile hazikuuzua uchungu wake. Zilimpunguzia nguvu za kuumeza. Kwa hiyo tusiifanye kalenda kuwa fimbo. Anayemwambia binti, "Ah, ni siku zako tu," amemfunga kinywa mtu mwenye haki ya kusikilizwa.

Tufanyeje basi? Binti na awe na daftari dogo. Aandike siku ya kwanza ya hedhi, na kila jioni neno moja juu ya moyo wake na usingizi wake. Baada ya miezi miwili au mitatu ataanza kujua njia yake. Kazi inayoweza kungoja, ingoje. Alale mapema, ale vizuri, atembee kidogo. Na mzazi apunguze maneno.

Mnamkumbuka nabii Eliya, alipoketi chini ya mretemu akaomba afe? Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maswali yalikuja baadaye. Mungu aliyeuumba mwili aujua uchovu wake. Sisi je, twakimbilia kukemea kabla ya kupika hata kikombe cha uji?

Yule binti alirudi shuleni. Aliomba radhi kwa sauti yake kali, na mama yake alikwenda kuzungumza na mwalimu kwa upole juu ya lile tusi. Siku ngumu bado humjia. Lakini nyuma ya mlango wa jikoni sasa kuna kalenda, nayo mama huitazama kabla hajapaza sauti.