Mbuna wa Ziwa Nyasa na sakafu za London

Maji ya bomba ya jiji la London ni maji magumu, yenye chokaa nyingi. Huacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuwaudhi wapenda chai, lakini huwafaa sana samaki wa rangi waitwao mbuna, ambao asili yao ni miamba ya Ziwa Nyasa. Kwa upande wa maji, basi, mfugaji wa London hana taabu kubwa. Taabu iko chini ya tangi.

Tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60 huchukua takriban lita 600, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Kioo chenyewe hupita kilo 100. Mbuna nao ni samaki wagomvi, wanaohitaji mawe mengi ya kujifichia. Ukiongeza mchanga na meza ya kulibebea tangi, jumla hukaribia kilo 900, uzito wa gari dogo, juu ya eneo la mita moja ya mraba hivi.

Sakafu ya makazi nchini Uingereza, inapojengwa leo, kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Anayelinganisha tarakimu hizo mbili atashtuka, pengine kabla ya wakati wake. Kipimo hicho ni cha chumba kizima: chumba cha mita nne kwa nne hukadiriwa kilo 2,400, mradi zimetawanyika. Kwa hiyo swali kubwa ni mahali uzito unapoangukia.

Nyumba nyingi za London zilijengwa enzi za Malkia Victoria, aliyefariki mwaka 1901. Sakafu zake za ghorofani ni mbao zilizopigiliwa juu ya boriti. Msikilizaji wa Lamu au Unguja hahitaji maelezo marefu: katika nyumba za mawe za huko, urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa chumba. Boriti za London ni mbao za kupasuliwa, lakini tabia ni ileile. Karibu na ukuta ni imara, katikati ni dhaifu. Tangi likikaa kando ya ukuta unaoshika ncha za boriti, hapo limesimama pazuri. Likizikingama boriti, hugawa mzigo wake kwa nne au tano. Likifuata mkondo wake, mzigo wote huweza kuiangukia moja au mbili tu. Safu za misumari sakafuni huonyesha boriti zilipo.

Wapo wanaojibu kwamba wageni 12 waliwahi kucheza muziki sebuleni na sakafu haikutikisika. Wageni hutawanyika, na usiku hurudi kwao. Tangi haliondoki. Mbao iliyobebeshwa mzigo uleule kwa miaka hupinda polepole, tangi huinama, na kioo hubanwa upande mmoja. Hivyo kioo chaweza kupasuka sakafu ikiwa bado imesimama. Mjini Berlin, alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, tangi la hotelini lenye lita milioni moja lilipasuka. Na kwa kuwa nyumba nyingi za zamani za London zimegawanywa kuwa fleti, lita 600 za juu zina jirani aliyelala chini yake.

Mikataba mingi ya fleti hudai idhini ya mwenye jengo, naye huenda akataka kauli ya mhandisi wa majengo. Mhandisi hufunua ubao mmoja. Hutazama mapengo ambayo mafundi wa mabomba na umeme wameyakata katika boriti kwa zaidi ya miaka 100, kisha ncha iliyozama ukutani, mahali unyevu hupenya. Hapo huchoma kwa bisibisi. Ikizama kama katika muhogo uliochemshwa, mbuna watangoja.