Bustani Haiishi Kujengwa

Atembeaye kando ya bahari mjini Matrah, katika jiji la Maskati, huiona milima ya mawe matupu ikiteremka hadi karibu na maji. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, na joto la Juni hupita nyuzi 40. Hata hivyo, magharibi ya Matrah, kwenye njia iendayo Barka, Bustani ya Naseem inayo sehemu iliyotengenezwa kwa mtindo wa Kijapani. Je, sanaa iliyozaliwa katika nchi ya mvua na theluji yatunzwaje katika nchi ya jua kali?

Jibu laanzia Japani kwenyewe. Katika bustani ya Hama-rikyu, mjini Tokyo, upo msonobari uliopandwa mwaka 1709. Matawi yake mazito yameegemezwa kwa miega ya miti. Mtunza misonobari wa Kijapani hudonoa machipukizi kwa vidole wakati wa kuchipua, na majira ya baridi yakikaribia hung'oa sindano kuukuu ili mwanga upenye. Kazi hiyo ikiachwa miaka michache, matawi ya ndani hufa kwa kukosa mwanga, na umbo la karne nzima hupotea. Halirejeshwi kwa mkasi wa siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mti usije ukadhoofika.

Nchini Oman adui ni chumvi. Maji yakinyonywa na jua, chumvi hubaki udongoni na kuunguza mizizi. Kwa hiyo udongo hauna budi kuoshwa kwa maji ya kutosha, yenye njia ya kutokea. Mafuriko nayo huja ghafla, kama Maskati ilivyoshuhudia katika kimbunga Gonu, Juni 2007.

Mtunzaji mwenye busara halazimishi mti wa baridi uishi jangwani. Huhifadhi kilicho kiini: jiwe lililowekwa kwa makusudi, maji, kivuli, na nafasi iliyoachwa wazi. Kisha huchagua mti wa nchi, kama mkunazi, akaupogoa kwa subira ile ile.

Subira hiyo si ngeni kwa Waomani. Mifereji yao ya jadi, aflaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imedumu kwa sababu kila kizazi kiliizibua na kugawana maji yake kwa zamu.

Hatari kubwa, basi, si jua. Ni fedha kupatikana siku ya ufunguzi na kukosekana siku ya kupogoa. Ni mtunzaji mzee kuondoka kabla hajamfundisha kijana. Mti huweza kununuliwa; miaka ya mkono ulioulea hainunuliki.