Mfuko wa Rufaa na Picha ya Mishipa ya Damu
Maelezo ya Kamati ya Afya kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwaka huu Kamati ya Afya inaleta ombi moja tu, nalo ni Mfuko wa Rufaa. Wengi mmeuliza fedha hizo zitafanya kazi gani hasa. Tumeona tueleze kwa kutumia kipimo kimoja ambacho baadhi ya ndugu zetu wa Lushoto huandikiwa: picha ya mishipa ya damu kwa mashine ya MRI.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ni sumaku kubwa ambayo mgonjwa huingizwa ndani yake akiwa amelala. Nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya nguvu inayogeuza sindano ya dira. Mawimbi ya redio hupitishwa mwilini, na kompyuta hutengeneza picha. Damu inayotembea huweza kung'aa kuliko nyama iliyotulia, hivyo mishipa ya kichwani huonekana mara nyingi bila hata sindano. Kwa mishipa ya tumboni na miguuni, mara nyingi mgonjwa huchomwa dawa yenye madini ya gadolinia. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema.

Picha hiyo humsaidia daktari kujibu maswali mazito. Mtu aliyepooza mkono kwa dakika chache kisha akapata nafuu, je, mshipa wake wa shingo umebana? Hilo huwa onyo la kiharusi. Je, ndani ya ubongo kuna mshipa uliovimba kama puto, unaoweza kupasuka? Kijana ambaye presha yake haishuki kwa dawa, je, mshipa unaopeleka damu kwenye figo umekuwa mwembamba? Na mwenye kidonda cha mguu kisichopona, damu inakwama wapi, na je, mguu unaweza kuokolewa badala ya kukatwa?

Tahadhari moja: mtu akipinda mdomo au kupooza ghafla, msikae kutafuta MRI. Mkimbizeni hospitali saa ileile, hata kama dalili zimeondoka. Huko CT scan ndiyo hutangulia mara nyingi, kwa kuwa ni ya haraka.

Wapo waliopendekeza tununue mashine yetu wenyewe. Tunawashukuru kwa moyo huo. Lakini sumaku hizo kwa kawaida hupozwa kwa heli ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Zinataka umeme wa uhakika, chumba maalumu, mafundi, na madaktari wa kusoma picha. Kununua mashine bila hayo ni kununua ng'ombe bila malisho.

Kinachotushinda sisi ni safari. Kutoka milimani hadi Mombo, kisha hadi hospitali kubwa kama Muhimbili, ni nauli ya watu wawili, chakula na mahali pa kulala, kabla ya gharama ya kipimo chenyewe. Tumeona karatasi za rufaa zikikaa chini ya godoro hadi ugonjwa ukazidi.

Kwa hiyo Mfuko utalipia mambo matatu: nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji mmoja, sehemu ya gharama ya kipimo kwa asiye na bima wala uwezo, na mashine za kupimia presha kwenye zahanati zetu. Hili la tatu ni dogo kwa bei lakini kubwa kwa faida, maana presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na wengi wanayo bila kujua.

Atakayepelekwa MRI awaambie wahudumu kama ana kifaa cha moyo, chuma mwilini au jichoni, au ni mjamzito. Mashine ina kelele nyingi, na hulazimu kutulia kwa nusu saa au zaidi, lakini haiumi.

Ndugu zetu, rufaa bila nauli ni karatasi tu. Tunaomba kila mmoja aandike ahadi yake leo, kwa kiasi alichojaliwa, na aitimize.