Mtu Mzima Aliye Mzima Apimwe Mara Ngapi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani)



Mbele ya Mkutano huu liko pendekezo kwamba Mfuko wa Chama ulipie kila mwanachama uchunguzi wa mwili mzima, katika hospitali ya binafsi, kila mwaka. Kamati imenitaka nilizungumzie kwa sababu kazi yangu serikalini ni kupanga matumizi ya fedha za afya katika halmashauri. Mimi si daktari, na mwenye ugonjwa wake asiyachukue maneno yangu badala ya ya daktari wake.

Sababu ya pendekezo hili sote tunaijua. Leo asubuhi tulisimama kimya kuwakumbuka wenzetu wanne. Wawili kati yao walichukuliwa na kiharusi kabla ya kufikisha miaka 50. Baada ya misiba ya namna hiyo kila mtu hujiuliza kama yeye mwenyewe yu salama. Swali ni la haki. Lakini jibu lililopendekezwa, kwa maoni yangu, litakula fedha nyingi na kutuacha pale pale.

Desturi ya kumpima kila mwaka mtu asiye na dalili zozote ilienea hasa kutoka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ikisukumwa pamoja na wengine na kampuni za bima ya maisha. Mwaka 1922 chama cha madaktari cha nchi hiyo kiliiunga mkono. Ilionekana ni jambo la akili tu, kwani gari nalo hupelekwa gereji kabla halijaharibika. Lakini mwaka 1979 jopo la wataalamu wa Canada lilishauri desturi hiyo iachwe, na mahali pake viwekwe vipimo maalumu kufuatana na umri, jinsia na hatari aliyo nayo mtu.

Tangu hapo jambo lenyewe limejaribiwa. Nchini Denmark watu zaidi ya 59,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakaitwa kuchunguzwa na kushauriwa, wengine wakaachwa kama walivyo. Baada ya miaka 10 makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa magonjwa ya moyo, kiharusi wala vifo. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 17 ya aina hiyo, yenye watu zaidi ya 250,000, wakaona kwamba uchunguzi wa jumla haupunguzi vifo, au unapunguza kwa kiasi kidogo mno.

Kwa nini iwe hivyo? Vijana wa hesabu watanisaidia. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida cha kipimo ili watu wazima wa afya 95 kati ya 100 waingie ndani yake. Watano hubaki nje ingawa hawaumwi kitu. Sasa mpime mtu mmoja vipimo 20 visivyotegemeana. Nafasi ya kwamba vyote vitakuwa ndani ya kawaida ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani kama asilimia 36. Maana yake, kati ya watu 100 wazima kabisa, 64 watarudi nyumbani na karatasi yenye angalau alama moja ya kutisha. Hapo huanza vipimo vya kuhakikisha vipimo, picha, safari za Dar es Salaam, na usiku wa kukosa usingizi.

Ndugu wanachama, sisemi tusipimwe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yako maradhi yanayojificha yenyewe, na kubwa lao ni shinikizo la damu, yaani presha. Mwenye nalo hulima, hucheza mpira, hucheka, na hasikii lolote. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawakujua. Ndio mlango mkuu wa kiharusi. Kuugundua hakuhitaji maabara wala mtambo wa picha. Ni mashine ndogo, kiti, na dakika kumi.

Basi mtu mzima asiye na dalili apimwe nini, na kila baada ya muda gani?

Kwanza, presha. Wataalamu wa Marekani hushauri kila mwaka kuanzia miaka 40. Chini ya hapo, mwenye presha ya kawaida anaweza kukaa miaka 3 hadi 5. Ila wenye hatari zaidi, wakiwamo wenye uzito uliozidi na watu weusi, wapimwe kila mwaka hata wakiwa vijana. Kwetu sisi, basi, ni kila mwaka. Mtu apumzike dakika tano, miguu ikae chini, mkono ulingane na moyo, na asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa kwa nusu saa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa.

Pili, sukari. Kwa mwenye uzito uliozidi, kuanzia miaka 35, kila miaka 3 yatosha ikiwa majibu ni mazuri.

Tatu, wake zetu na dada zetu. Shirika la Afya Duniani hushauri kipimo cha virusi vya HPV, viletavyo saratani ya mlango wa kizazi, kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Na kwa wanaoishi na VVU, kuanzia miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Hiki ni kipimo kinachookoa maisha hasa, nasi wanaume tusikae kimya juu yake.

Nne, VVU. Kila mtu aijue hali yake, na aliye katika hatari arudie angalau kila mwaka. Vijana mfahamu kwamba tangu mwaka 2019 sheria yetu inamruhusu mwenye miaka 15 kupima kwa hiari yake mwenyewe.

Ratiba hii ni ya asiye na dalili. Mwenye kikohozi cha wiki mbili, uvimbe unaokua, damu katika choo, au anayepungua uzito bila sababu, asingoje mwaka wala mwezi. Aende hospitali kesho asubuhi.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni ya haki. Majaribio niliyoyataja yalifanyika Ulaya na Marekani, ambako mtu akienda kwa daktari kwa mafua hupimwa na presha. Hapa kwetu mtu aweza kufikisha miaka 45 bila mkono wake kufungwa mashine hata mara moja. Nakubali. Lakini hoja hiyo inadai presha ipimwe. Haidai vipimo 20.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba Mkutano usipitishe pendekezo kama lilivyo, bali uamue mambo matatu. Mfuko ununue mashine mbili za presha kwa zahanati ya shule, na kila Mkutano wa Mwaka tupimwe sote kabla ya chakula, pamoja na walimu na wafanyakazi. Kila mwanachama awe na kadi ya kuandikia majibu yake. Na fedha itakayobaki itengwe kuwasaidia watakaokutwa wagonjwa, kwa sababu dawa ya presha hunywewa kila siku, na anayeambiwa anaumwa kisha akakosa dawa hatujamsaidia kitu.

Muuguzi wa shule amekubali kukaa chini ya mwembe hadi saa kumi, na ameazima mashine moja. Foleni ianze na wenye miaka 40 na zaidi.